Meza ya Wakurugenzi: Jinsi ya Kuanzisha Mduara wa Viongozi wa Asasi Dar es Salaam

Mkurugenzi wa asasi ndogo jijini Dar es Salaam ana watu wengi wa kuzungumza nao na wachache mno wa kuwaambia ukweli. Wafanyakazi wakijua kwamba fedha za mishahara zinaishia Septemba, kesho yake wataanza kusambaza wasifu wao. Mwenyekiti wa bodi anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini ndiye mwajiri. Afisa wa mfadhili akiuliza mambo yanakwendaje, wote wawili wanajua jibu linalotarajiwa. Nyumbani nako wameshachoka kusikia habari za ripoti.

Mwaka 2025 upweke huo ulionekana kwa uchungu. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje ili ipitiwe upya, na miradi ikaanza kupokea barua za kusimamisha kazi. Kufikia tarehe 1 Julai, USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ilikuwa imeacha kuendesha misaada. Wakurugenzi walitakiwa kuamua kwa siku chache nani abaki, nani aondoke, pango la ofisi lilipwe na nini, na wagonjwa au watoto waliokuwa wakihudumiwa waelekezwe wapi. Wengi waliamua hayo wakiwa peke yao, mlango umefungwa.

Mwongozo huu ni wa kuanzisha mduara wa wakurugenzi sita hadi wanane wanaokutana kila mwezi kusaidiana katika mambo magumu ya uongozi. Mitandao ya mashirika tunayo, na inafanya kazi kubwa: TANGO, muungano wa mashirika yasiyo ya kiserikali, ipo tangu 1988, mtandao wa Policy Forum unashughulikia sera na bajeti ya serikali, na kuna Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, NaCoNGO. Huko shirika linakwenda kama shirika, lina msimamo na lina bendera. Kwenye mduara anakuja mtu, na anakuja na lile jambo ambalo asingethubutu kulisema kwenye ukumbi wenye kipaza sauti.

Hatua ya 1: Tafuta watu, na uwatafute mmoja mmoja

Anza na mwenzako mmoja unayemwamini, kisha nyinyi wawili mtafute wa tatu. Ukianza na orodha ya watu ishirini utapata mkutano, na mkutano una utaratibu wake. Idadi ya sita hadi wanane ina sababu: wakiwa wanne, wawili wakisafiri kikao hakipo, wakiwa kumi na wawili, zamu yako inachelewa kiasi kwamba tatizo limeshakumaliza.

Mwanachama awe ndiye anayebeba mzigo wa mwisho. Ni yule anayesaini hundi na mikataba, anayesimama mbele ya bodi. Meneja miradi, hata akiwa hodari kuliko bosi wake, ana mzigo wa namna nyingine. Washauri elekezi waacheni nje kwa sababu kila tatizo litakalotajwa kwao ni kazi inayoweza kulipwa. Watumishi wa mashirika yanayotoa ruzuku waacheni nje pia, hata kama mlisoma pamoja Mlimani.

Changanyeni sekta. Anayehudumia watoto wenye ulemavu Mbagala, anayetoa msaada wa kisheria Kinondoni, anayehifadhi mikoko Kigamboni na anayeshughulika na vijana Manzese hawagombanii tangazo moja la ruzuku, kwa hiyo wanaweza kufunguliana vitabu. Lakini ukubwa usipishane mno. Mwenye bajeti ya shilingi milioni 60 akikaa na mwenye bilioni 4, wa pili anageuka mfadhili na wa kwanza anageuka mwombaji, na hakuna anayekosea. Ndivyo meza inavyoelemea.

Utawapata wapi? Semina za kila Jumatano za TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania, pale Mabibo zimekutanisha watu wa asasi kwa miaka mingi. Wiki ya AZAKI, yaani asasi za kiraia, ambayo hufanyika nje ya Dar es Salaam, huwa na mapumziko marefu ya chai yenye manufaa kuliko baadhi ya mada. Vikao vinavyoitishwa na ofisi za maendeleo ya jamii za manispaa ni vizuri pia. Popote uendapo, msikilize yule anayesimama na kusema, “Sisi hapa tulishindwa, na sababu ni hii.” Huyo mfuate nje.

Mwaliko uwe wa mdomo. Barua yenye mhuri na kichwa cha “YAH: MWALIKO WA KIKAO” ikifika ofisini, mkurugenzi ataipeleka kwa msaidizi wake na msaidizi ndiye atakayekuja. Piga simu, au mfuate, umwambie hivi: “Dada, tunataka kukaa wakurugenzi wachache, mara moja kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili na nusu. Hakuna posho, hakuna mfadhili, hakuna ripoti. Tunasaidiana kufikiri. Hutaweza kutuma mwakilishi. Fikiria, nitakupigia wiki ijayo.” Ile wiki ya kufikiri ni muhimu. Anayekubali papo hapo kwa kuona haya hukosa kikao cha pili.

Hatua ya 2: Siku na mahali

Wiki ya kwanza ya mwezi iacheni, maana kodi ya mishahara ya wafanyakazi inatakiwa kufika Mamlaka ya Mapato, TRA, ifikapo tarehe 7, na katika shirika dogo mkurugenzi na mhasibu wanahangaika pamoja. Wiki ya mwisho ni ya mishahara yenyewe. Ijumaa ina sala. Naona Jumatano au Alhamisi ya wiki ya pili au ya tatu, kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 6:00, inafaa kwa jiji hili: foleni ya asubuhi imepungua, na unarudi ofisini mchana ukiwa na nguvu.

Kuzunguka ofisi za wanachama kunapendeza, ila mwenye ofisi huwa hakai. Kila dakika anaitwa asaini kitu. Bora chumba kisicho cha yeyote kati yenu. Kumbi ndogo za vituo vya dini, kama Msimbazi Centre pale Ilala, hazina makuu, na ni rahisi kufika hata kwa anayetoka Gongo la Mboto. Hotelini msiende. Hoteli inaleta bili, na bili italeta wazo la kutafuta mfadhili. Mgahawani pia hapana, kwa sababu ulimwengu wa asasi za Dar ni mdogo na meza ya pili anaweza kuwa amekaa mjumbe wa bodi ya mtu.

Masika ikikolea, kati ya Machi na Mei, Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa. Panga tangu Januari kwamba vikao vya miezi hiyo vitafanyika kwa njia ya mtandao, kila mtu akiwa chumba cha peke yake. Anayeingia kikaoni akiwa kwenye daladala aombwe atoke.

Hatua ya 3: Kikao cha kwanza ni cha makubaliano tu

Msijadili tatizo la mtu siku ya kwanza. Andikeni ukurasa mmoja, kwa mkono, na kila mtu ausome kwa sauti. Hapa ndipo miduara mingi inapovunjika kabla haijaanza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Siri. Kusema “tutunziane siri” hakutoshi. Semeni maana yake. Kinachoruhusiwa kutoka chumbani ni fundisho, bila jina na bila vidokezo. “Kuna shirika moja la afya pale Temeke” tayari ni jina. Usimwambie mwenzi wako, usiiambie bodi yako, usimwambie mhasibu wako ambaye ni binamu wa mhasibu wao. Hakuna kurekodi, hakuna kupiga picha ubao, na hakuna muhtasari wa kikao. Kila mtu aandike yanayomhusu yeye tu.

Siri ina mpaka, na mpaka utajwe mapema. Likitajwa jambo la mtoto kudhulumiwa au mtu kuwa hatarini, linakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na mwenye jambo anasindikizwa na wenzake wawili. Ikijitokeza kwamba fedha za shirika zinaibwa, mduara hautakuwa mahali pa kuzificha: mwenzetu anapewa muda mfupi wa kwenda mwenyewe mbele ya bodi yake. Mtu akijua hayo tangu mwanzo, hawezi kusema alitegeshewa.

Ushindani. Siku moja tangazo la ruzuku litawahusu wawili kati yenu. Kanuni iwe kwamba kila anayeomba anasema mapema, na hakuna anayesoma andiko la mwenzake kwa tangazo hilo. Mfanyakazi wa mwenzako akiomba kazi kwako, mweleze mwenzako kabla ya usaili, kwa ridhaa ya mwombaji.

Fedha. Hakuna kukopeshana fedha za mashirika, hata kwa wiki moja, hata mishahara ikichelewa. Fedha za mradi zina masharti, na mkaguzi wa hesabu ataziona. Kanuni hii itaonekana ya kikatili siku mwenzenu atakapokuwa amekwama, na ndiyo sababu iandikwe siku ambayo hakuna aliyekwama.

Mahudhurio. Kukosa mara mbili mfululizo bila taarifa ni kujitoa.

Hatua ya 4: Endesheni kikao kwa maswali

Mkiacha mazungumzo yaende yenyewe, mwenye tatizo atasema dakika tatu na kushauriwa dakika hamsini. Atatoka na ushauri wa watu saba unaopingana, na aibu juu yake. Dawa ya hili imejaribiwa zamani. Miaka ya 1940 huko Uingereza, Reg Revans, aliyesimamia mafunzo katika bodi ya taifa ya makaa ya mawe, aliwahimiza mameneja wa migodi wakutane katika vikundi vidogo na kuulizana maswali juu ya matatizo yao halisi badala ya kungoja wataalamu wawafundishe. Utaratibu ninaoupendekeza umetokana na wazo hilo, kwa kipimo cha saa zetu.

Fungueni kwa mzunguko wa dakika 15. Kila mtu anasema jambo moja lililomlemea na moja lililomfurahisha tangu kikao kilichopita. Hakuna anayejibu. Kisha yanachukuliwa mambo mawili kwa kikao, kila moja dakika 55, na chai katikati.

Dakika 10 za kwanza mwenye jambo anaeleza, na anamaliza kwa swali moja linaloanza na “Nifanyeje”. Akishindwa kulipata swali, msaidieni kulitafuta. Mara nyingi nusu ya kazi iko hapo.

Dakika 20 zinazofuata ni maswali matupu. Mwenyekiti wa siku hiyo, ambaye ni zamu, awe mkali: “Kwa nini usimwite tu mwanasheria?” ni ushauri uliovaa nguo za swali, na aukatae. Swali zuri ni lile ambalo muulizaji hajui jibu lake.

Dakika 15 mwenye jambo ananyamaza na kuchukua kalamu, wenzake wanazungumza juu ya suala lake kana kwamba hayupo. Hapa ndipo uzoefu unaruhusiwa: “Mimi yalinikuta, nilifanya hivi, matokeo yakawa haya.” Dakika 10 za mwisho anarudi, anasema alichokichukua, na anataja kitendo kimoja na tarehe yake. Kikao kijacho kinaanza kwa kumuuliza kitendo hicho.

Chukua mfano. Mkurugenzi mwenye wafanyakazi kumi na mmoja amekatiwa mradi wake mkubwa na ana fedha za miezi miwili. Anakuja na swali: “Nifanyeje kuchagua wa kupunguza?” Mmoja anamuuliza bodi imejua tangu lini. Mwingine anamuuliza mikataba ya hao kumi na mmoja inaisha tarehe zipi. Wa tatu anauliza: stahiki za watakaoondoka zimo ndani ya hizo fedha za miezi miwili, au ziko pembeni? Kimya. Hazipo pembeni.

Hapo hesabu yote inabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi, awape taarifa zinazohusika na ashauriane nao kabla ya uamuzi kufanyika. Kiinua mgongo, kwa mwenye haki nacho, ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka kumi. Kuna notisi, kuna likizo ambazo hazikuchukuliwa. Kumbe fedha za miezi miwili ni za wiki chache tu, na swali lake la kweli ni lini aanze kuwaambia. Jibu analolipata mwenyewe ni “wiki hii, baada ya kuzungumza na mwenyekiti wa bodi kesho”. Hakuna aliyemwamuru, na mwanasheria atamhitaji bado, lakini sasa atakwenda kwake akijua anachouliza.

Hatua ya 5: Umri na heshima

Hili lina uzito wake kwetu. Mezani atakuwepo mama wa miaka 61 aliyeanzisha shirika lake sebuleni, na kijana wa miaka 30 aliyeajiriwa mwaka jana. Shikamoo ibaki, kuiondoa ni kujifanya watu wengine. Ila mkubwa akizungumza kwanza, wadogo watakubaliana naye mpaka jioni. Kwa hiyo mzunguko uanze na mdogo kuliko wote na uishie kwa mkubwa. Vyeo vya Daktari na Mheshimiwa viachwe mlangoni. Dada, kaka, mama na mzee vinatosha. Mkubwa naye alete jambo lake katika vikao viwili vya mwanzo. Vijana wakimwona mama yao anasema “sijui nifanyeje na mtu atakayenirithi kiti”, watafunguka bila kubembelezwa.

Hatua ya 6: Kati ya kikao na kikao

Gawaneni wawili wawili, kila mwezi jozi mpya, mpigiane simu mara moja kwa dakika ishirini. Simu hizo ndizo zinazomfikia mtu usiku wa kuamkia kikao cha bodi.

Kundi la WhatsApp liwepo kwa mambo mawili tu: ratiba, na ombi la haraka la aina ya “Nani ana mkataba wa pango anaoweza kunionyesha?” Salamu za asubuhi na video za kutia moyo ziende kwenye makundi mengine. Mambo ya vikao yasiandikwe humo kabisa, kwa sababu simu hupotea na watoto hushika simu za wazazi.

Baada ya miezi mitatu au minne mtagundua kwamba mnaweza kupeana vitu vya kushikika: mwongozo wa fedha, sera ya ulinzi wa mtoto, fomu ya tathmini ya mfanyakazi, jina la mkaguzi wa hesabu asiyechelewa. Ondoeni majina ya wanufaika na wafanyakazi kabla ya kutuma; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu sisi kama inavyozihusu benki. Tengenezeni pia kalenda ya pamoja ya wajibu: ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, ada ya mwaka, makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kodi za TRA. Kila mmoja akachungulie cheti chake cha usajili, kwa maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 cheti kina uhai wa miaka kumi, na kuna ofisi ambazo cheti kimetundikwa ukutani juu sana kiasi kwamba hakuna aliyesoma tarehe.

Hatua ya 7: Msitafute mfadhili wa mduara

Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Kila mtu ajilipie nauli. Chai na vitumbua mchangie, kwa utaratibu ule ule tunaoujua kwenye vikoba: kiwango kimoja kwa wote, kinatolewa mwanzoni mwa kikao, mtunza fedha ni zamu. Ukumbi gawaneni sawa.

Posho ikiingia, mahudhurio yatapanda na ukweli utashuka. Mfadhili akiingia, hata kwa nia njema, atahitaji ripoti, ripoti itahitaji mafanikio, na mambo yanayoletwa mezani ni yale ambayo hayajafanikiwa. Na mkishafungua akaunti na kuanza kuomba ruzuku kwa jina la mduara, mmeanzisha shirika jingine, lenye usajili, bodi na mkurugenzi wake, ambaye naye atahitaji mahali pa kusemea.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Akivujisha mtu siri, kikao kinachofuata ni cha hilo tu, naye akiwepo. Akiri au akanushe mbele ya aliyeumia. Mara nyingi ataondoka, na aachwe aondoke kwa amani. Msimfuate kwa maneno mjini.

Akiwepo mtu anayeleta jambo lile lile kila zamu bila kufanya alichoahidi, mwenyekiti wa zamu amuulize kwa upole kinachomzuia. Huenda hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Akionekana mwenzenu halali, analia bila sababu anayoweza kuieleza, anakunywa kuliko kawaida yake au anasema heri asingekuwepo, acheni utaratibu wa dakika. Mduara si tiba. Mmoja wenu aende naye hospitali, iwe Mwananyamala, Amana, Temeke au Muhimbili, na siku hiyo hiyo kama amezungumzia kifo. Mwingine asaidie kupanga na mwenyekiti wa bodi yake apate likizo, kwa ruhusa yake.

Hatua ya 9: Baada ya miezi kumi na miwili

Wekeni kikao kimoja cha kujiuliza. Kila mtu aseme kama anaendelea mwaka mwingine au anaishia hapo, na kuishia hapo kusihitaji maelezo. Nafasi ikibaki wazi, jina jipya likubaliwe na wote. Mmoja akisita, liwekwe kando bila kumhoji sababu. Kama wengi wanataka kuingia, msipanue meza. Wawili kati yenu watoke wakaanzishe nyingine, labda upande wa Kigamboni au Mbagala ambako watu wanachoka kuvuka mji, waanze tena kwa simu moja.